Inspekta Jikoni Kwetu

Jumatatu, 9 Oktoba
Msichana kagonga mlango asubuhi. Anaitwa Nesrin, anatoka kampuni inayotengeneza ile tamthilia ya polisi ya Jumapili usiku. Wanatafuta nyumba ya kupigia picha. Ameshazunguka mji wetu wote wa Wolfenbüttel. Wanataka nyumba ya wazee, ambamo hakuna kilichobadilishwa tangu miaka ya sabini. Nikamwambia amefika.

Kavipenda vigae vya jikoni, vile vya kahawia. Mke wangu Roswitha alitaka kuvibandua tangu binti yetu Silke yuko shule ya msingi.

Roswitha akamkaribisha kahawa. Halafu akamkaribisha kahawa. Halafu tena. Msichana akanywa vikombe vyote vitatu bila kunitupia jicho hata mara moja. Kwa hilo tu nikakubali.

Alhamisi, 12 Oktoba
Wameniletea hadithi yenyewe niisome. Mzee mmoja, Lüders, anamuuguza mkewe aliyepoteza kumbukumbu. Mwishowe anamziba pumzi kwa mto. Inspekta anaanza kwa kumshuku mtoto wao wa kiume, sababu ya urithi. Wanachelewa sana kumfikiria mzee. Watu hawawafikirii wazee.

Si mbaya. Ila kuna mahali mzee anatoka kununua mikate, mke anabaki peke yake, na hakuna anayeuliza imewezekanaje. Nilimtajia Nesrin kwenye simu. Akasema: kweli, ingewezekanaje? Nikamjibu sijui.

Najua sana. Unafunga kwa nje, unatia ufunguo mfukoni, unakwenda haraka. Mimi hufanya hivyo kila asubuhi.

Jioni Silke kapiga simu kutoka Bremen. Kaomba likizo, anakuja kuona wakipiga picha – tamthilia hiyo anaifuata tangu utotoni. Nikamwambia si lazima, ni mbali. Akauliza hali ya mama. Nikasema kama kawaida: hajambo, kachoka kidogo tu.

Jumatatu, 16 Oktoba
Wamekuja. Malori mawili, watu kama ishirini, nyaya kila mahali. Bi. Pape wa jirani kaweka kiti dirishani, wala hajifichi. Kitanda chetu wamekihamishia chumba cha zamani cha Silke kwa sababu kilikuwa kinaizuia kamera. Kumbe kitanda kinaweza kumzuia mtu kazi yake.

Roswitha kapaka rangi ya mdomo. Anamwuliza kila mtu ametoka wapi. Kaniuliza na mimi kama niko na watu wa taa. Nikasema ndiyo. Akaniambia taa ni nzuri sana.

Jumanne, 17 Oktoba
Silke kafika. Roswitha alikuwa ukumbini. Akamtazama, akasema: “Silke! Nywele zako.” Jina lenyewe, kwa jaribio la kwanza, bila kusaidiwa! Nilijisikia kama mimi ndiye niliyefaulu mtihani.

Kisha Silke akaona vikaratasi nilivyombandikia mama yake. Kabatini VIKOMBE. Mlangoni CHOO. Kwenye jiko HAPANA. Akauliza hivi ni nini. Nikasema ni vya watu wa televisheni, vya hadithi yao. Nesrin alikuwa amesimama pale pale na mkanda wa gundi mkononi. Akakibandika vizuri kile cha VIKOMBE.

Baadaye mwongozaji naye akaviona. Akavipenda. Akaagiza visiguswe.

Jumatano, 18 Oktoba
Niandike kama ilivyokuwa.

Mchana walipumzika. Thede, yule mwigizaji wa inspekta, alikuwa jikoni kwetu na koti lake la kipelelezi, anakunywa supu ya dengu. Nilikuwa nimetoka mara moja kununua mikate. Sikufunga mlango, nyumba ilikuwa imejaa watu. Narudi, namkuta Silke kasimama mlangoni mwa jikoni, hasogei. Nikasimama nyuma yake.

Roswitha alikuwa ameketi mbele ya Thede, mkoba wake mapajani.

“Inspekta,” kasema, “nina la kuripoti.”

Thede akaweka kijiko chini. Angeweza kucheka. Hakucheka. “Ripoti, mama.”

“Humu ndani kuna bwana. Kila asubuhi ananifungia. Nagonga, nagonga, haji mtu.”

“Unamfahamu?”

“Ana adabu. Anapika vizuri. Lakini si mume wangu. Mume wangu asingenifungia.”

Mtu wa kurekodi sauti aliyekuwa akila mezani alitazama sahani yake. Thede akauliza taratibu angependa afanyiwe nini. Roswitha akafikiri. Anapofikiri bado anafanana na yule karani wa shule aliyekuwa zamani, akitafuta faili la mwanafunzi.

“Mwulize kwa nini. Basi. Msimpige.”

Thede akainua macho, akaniona na mfuko wangu wa mikate. Miaka mingi anahoji watu kwenye televisheni. Safari hii akanisogezea kiti. Wakamwita kwenye kamera, akaenda.

Silke hakugeuka. Alisema tu, “Baba.”

Alhamisi, 19 Oktoba
Tumezungumza gereji na Silke, ndani hakuna nafasi. Aliuliza tangu lini. Nikamwambia tangu majira ya machipuko, siku mama yake alipookotwa kwenye kivuko cha reli na ndala za ndani, akisema anakwenda kazini. Silke akasema: na moto je, Baba? Kukiwaka moto? Nikamjibu moto naufikiria kila siku, ndiyo maana nakimbia. Nina miaka sabini na tisa na nakimbia barabarani na mikate. Akacheka. Halafu akalia, halafu akakasirika kwa kuwa amecheka.

Akauliza kwa nini kila akipiga simu namwambia kachoka. Nikasema kwa sababu ungekuja.

“Si ndiyo ningekuja!”

“Ungekuja kumchukua.”

Hapo yule mtu wa sauti akachungulia, akaomba radhi, akasema tunasikika mpaka sebuleni. Wanarekodi ugomvi wa baba na mwanawe. Tukaendelea kwa kunong’ona. Ni vigumu sana kumkasirikia mtu kwa kunong’ona. Silke alijitahidi.

Anasema kumfungia mtu mlango ni kosa mbele ya sheria. Nikamwambia nimeishi na polisi sebuleni wiki nzima, hakuna aliyenikamata. Hakulipenda jibu hilo.

Ijumaa, 20 Oktoba
Leo walirekodi kifo. Mto wa kitanda ni wetu. Nikamtoa Roswitha kutembea mpaka mtoni, tukawatazama bata.

Tuliporudi, yule anayeigiza mzee Lüders alikuwa kaketi kwenye ngazi. Aliniuliza kitu gani ni kigumu zaidi katika kuuguza. Nadhani alitarajia neno kubwa. Nikamwambia kumkata kucha za miguu. Akaitikia kwa kichwa, tena na tena.

Jumapili, 22 Oktoba
Wameondoka jana. Kila kitu wamekirudisha, ila kitanda wamekigeuza, kichwa kikaelekea dirishani. Usiku sikujua nimelala wapi. Nikamwelewa Roswitha kidogo.

Silke ameamua. Au tumeamua, kwa lugha yake. Mama anakwenda Bremen leo, majuma mawili. Karibu na kwake kuna nyumba ya kuwatunza wazee mchana, bustani ina uzio, mtu anazunguka apendavyo. Mimi nikae hapa nilale. Au nije pia, kuna kochi. Alisema la kochi mwisho, na kwa haraka.

Nilisema nitabaki. Mtu analala vizuri kwake. Nikapanga sanduku: sweta ya buluu, vidonge vya asubuhi, vya jioni, picha yetu ya milima ya Harz, sijui kama atatutambua humo.

Nikamfunga mkanda wa gari. Akakaa wima kama mgeni wa heshima, mkoba mapajani. Silke akawasha injini. Nikafunga mlango wa gari, Roswitha akateremsha kioo.

“Wewe bwana unaitwa nani?”

“Eckhard.”

Akafurahi kweli. “Mume wangu naye anaitwa Eckhard! Basi mtaelewana. Ingia, tutampitia njiani.”

Silke alikuwa anatazama mbele, mikono miwili kwenye usukani.

Nikasema nimesahau miwani. Nimerudi ndani. Miwani ninayo usoni, ndiyo ninayoandikia. Niko jikoni, nimeshavaa koti. Injini bado inanguruma. Roswitha naisikia sauti yake, anamwambia Silke asiwe na haraka, bwana yule anakuja. Silke hajapiga honi. Naweka kalamu, nakwenda.