Swali la Kumi na Saba

Karakana ya Useremala,
S.L.P. 318.

9 Juni

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje tangu tulipoongea juzi? Na shemeji yangu, bado anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta? Sisi huku tu wazima wa mwili. Mgongo wangu unalia kama bawaba kavu, lakini umri haupigwi randa.

Moyoni ndiko hakujatulia. Unajua kwamba mwalimu wetu mstaafu, yule aliyetufundisha sote wawili kushika kalamu, amenishtaki kwa ajili ya ngazi niliyomjengea mwaka jana. Kipandio cha nne kilikatika, akaanguka, akavunjika nyonga. Sasa wakili wake ameniletea maswali ishirini na sita kwa maandishi, niyajibu kwa kiapo ndani ya siku ishirini na moja. Zimebaki nane.

Nilianza kwa mbwembwe. Wakili wangu, binti mwenye miwani mikubwa, alisoma jibu langu la kwanza, akaivua miwani.

"Mzee, hizi ni kurasa mbili. Wamekuuliza jina na kazi yako."

Na hapo nilikuwa bado sijamaliza habari za babu na msumeno wake. Alifyeka yote, nikabaki mimi na useremala wangu.

Swali la kumi na saba ndilo lililonikwama kooni: kabla ya kuikabidhi ngazi, nilijua kasoro yoyote kwenye mbao? Na chini yake: nitoe kila barua niliyoandika kuhusu kazi ile.

Mama watoto alitoa ushauri wake. "Andika 'sikumbuki'. Wewe husahau hata siku tuliyooana, nani atakushangaa?" Nikaliandika kwa penseli. Likakaa vizuri pale, kama ufa uliozibwa.

Lakini nakumbuka, Dada. Ubao mmoja ulikuwa na ufa mwembamba. Nilichanganya gundi na unga wa mbao, nikaziba, nikapiga msasa, nikapaka vanishi, kama baba alivyozoea kufanya kwenye milango ya makabati. Ila kabati halipandwi na mtu. Na kwa kuwa mdomo wangu hauna kitasa, nilikuandikia nikijisifu kwamba hata wewe, mwenye macho ya mwewe, usingeuona.

Juzi ukaniambia barua hiyo ipo, kwenye sanduku la cherehani. "Jiko linawaka, mdogo wangu. Nikiitia humo, nani atajua?" Sikukukataza. Nilisema tu ngoja, nikakata simu, maana nilitaka dhambi iwe yako, si yangu. Nisamehe kwa hilo.

Jana nilipita kwa mwalimu, nikamwona kupitia dirisha. Anajifunza kutembea kwa fremu ya chuma, anahesabu hatua kwa sauti ile ile ya darasani. Moja, mbili, tatu. Akifika tatu anasimama, anashusha pumzi. Sikubisha hodi.

Kwa hiyo usiichome. Mpe dereva wa basi la Jumatano aniletee. Wakili amenionya kwamba huenda karakana ya baba ikauzwa kulipa fidia, nami sina la kukufariji kuhusu hilo. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu hujawahi kushindwa tangu tukiwa watoto, na karatasi haikatizwi maneno. Ukijibu, jibu kwa adabu: barua hii nayo inahusu ngazi, nimeinakili, na upande wa pili wataisoma.

Nisalimie shemeji na mapacha. Shangazi mwambie kile kigoda nilichompa asikikalie mpaka nije nikitazame.

Mungu akutunzie magoti, na akujalie kunielewa kabla hujanikasirikia.

Wako akupendaye,
Mdogo wako,
aliyefuta penseli akajibu kwa wino.