Nani Atamwitikia Emuron

Kakuma, 16 Oktoba 2012

Mama mpendwa,

Ejok! Habari za mtaa wako wa Nawoitorong, na mgongo wako unasemaje? Mimi ni mzima, joto tu ndilo linatukaanga. Tangu nimalize shule na kuondoka kwako, uliponilea kama mwanao, sijapata mtu wa kunigombeza nisipokula, basi nimekonda. Furahi.

Ulisema kipindi chako cha redio cha Jumapili kimeishiwa na nyimbo mpya, na wasikilizaji wamechoshwa na kwaya zile zile. Nimekukusanyia. Unajua kibandani kwangu watu huja kuchaji simu na kuwekewa nyimbo. Nikimsikia mtu anaimba kitu ambacho hakijaingia studio yoyote, namketisha na kumrekodi. Kwenye kadi hii ya memori yupo Mukendi, Mkongo aliyejitengenezea gitaa la galoni la mafuta. Mwanzo utacheka, kisha utacheza. Lakini usilale kabla hujamsikia Yien. Ni Mnueri wa Sudan Kusini, anapiga rababa ya waya za breki za baiskeli, na haimbi kabisa. Anayeimba ni mwenzake, sauti nzito ya chini, nadhani kwa Kiturkana kile cha malishoni ambacho sikushika kwako. Sikumwona, nilimsikia kwenye rekodi tu, labda alisimama nje ya mabati. Mwaka huu sijasikia kitu kizuri kama hicho. Wapigie watu wimbo huo wausikie.

Nampa dereva wa basi akuletee. Simu siiamini, hukata kabla salamu hazijaisha.

Binti yako,
Athieng


Lodwar, 30 Oktoba 2012

Binti yangu,

Ejok noi. Mgongo hauna adabu, lakini tunaishi nao. Konda tu, ukija tutaanza upya.

Mukendi wako amewatia watu wazimu. Simu zimelia studio mpaka fundi mitambo akanuna. Mwambie atume nyingine.

Wimbo wa Yien sikuupiga. Kaa chini kwanza. Yule anayeimba anamwimba Lomeri, dume la ng'ombe lenye madoa, pembe moja imeelekezwa mbele na nyingine nyuma. Huo ni wimbo wa mwanangu Emuron. Miaka uliyokaa kwangu yeye alikuwa malishoni, ndiyo maana huujui. Mimi niliusikia ukitungwa nyuma ya ua wangu, neno kwa neno. Kwetu mwanamume humwimba dume lake mwenyewe, na mwingine hauchukui wimbo huo, hata awe ndugu. Na sauti ni yake, Athieng. Ana kile kikohozi kidogo kabla ya kupandisha.

Ni mwaka wa pili tangu wavamizi waingie malishoni Kainuk, na mwili wake haukuonekana. Kwa sababu hiyo nimekataa kunyoa nywele za matanga mpaka leo, watu waseme watakavyo. Niambie mwanangu yuko wapi hapo Kakuma. Nitapanda basi siku hiyo hiyo.

Mama yako,
Nakuleu


Kakuma, 12 Novemba 2012

Mama,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Mimi mwili mzima, moyo ndio haujatulia.

Nilimuuliza Yien mwenzake ni nani. Akanitazama kama nimemtukana. "Mimi peke yangu, dada. Hakuna mtu. Mimi hata hiyo Turkana sijui." Nikatafuta kambini, nikaenda mjini, nikauliza kwenye visima na kwa akina mama wa makaa. Hakuna anayemjua mtu wa sauti ile wala wa jina lile.

Basi nikamrekodi tena, mlango nimefunga, na jirani yangu Céline, yule fundi wa cherehani, nimemweka ndani awe shahidi. Tulisikia rababa tu. Nilipobonyeza kusikiliza, sauti ikawa imo. Céline akaruka akapiga mabati kwa kichwa. "Ile sauti ni ya nani? Mie sikuona mutu hapa!" Yien alikuwa ameziba masikio. Na maneno yameongezeka, mama. Nimeshika majina ya mahali tu, Kainuk na Kalemng'orok, mengine sikuyaelewa.

Nakutumia kadi yake, ingawa sikutaka. Lomeri aliuawa siku ile ile. Ngozi yake ililetwa nyumbani, mimi nilikuwepo, niliishika. Na kama Emuron angekuwa hai asingekuja Kakuma kuimba nje ya mabati, angekuja kwako. Usijipe matumaini yatakayokuumiza.

Binti yako,
Athieng


Lodwar, 3 Desemba 2012

Athieng,

Salamu nyingi. Afya usiniulize.

Wimbo wa dume hutaja mahali alipokunywa maji. Hapo ndipo sifa yake ilipo, na mwimbaji haongezi mahali ambapo dume wake hajafika, atachekwa na watu. Lomeri maisha yake yote hakufika Kalemng'orok. Sasa amefika. Unaelewa? Wanaifuata barabara ya kuja Lodwar.

Jumapili niliupiga redioni bila kumuuliza mtu. Kabla wimbo haujaisha mjomba wako akawa mlangoni pa studio na wazee wawili. Hakukubali hata kiti. "Dada, hii wimbo si ya kupiga redio. Mwenyewe akiimba, rika yake wanaitikia. Sasa wewe umemwimbisha peke yake, hewa yote inasikia. Nani ataitikia?" Anataka achinje mbuzi, ninyolewe, matanga yaishe. Nikamfukuza, ndugu yangu wa tumbo moja.

Mpigishe Yien tena. Nakuomba, mimi niliyekuogesha ulipougua surua.

Mama yako


Kakuma, 8 Januari 2013

Mama mpendwa,

Heri ya mwaka mpya. Krismasi hapa kwaya ya Céline iliimba mpaka sauti zikakauka. Nilikuwekea nyimbo mbili, ni nzuri, lakini najua hutazisikiliza.

Yien amepiga kwa mara ya mwisho, nayo imo kwenye kadi hii. Alipomaliza alikata waya zote za rababa, akaniachia gogo lake mlangoni. Nikamwita mama wa Kiturkana anayeniletea makaa anitafsirie. Alianza vizuri, anatabasamu kabisa, anasifu wimbo. Lomeri amekunywa Lokichar. Lomeri amekunywa Turkwel, mto wa hapo kwenu. Anasikia harufu ya moshi wa Nawoitorong. Kisha akapunguza sauti. "Anasema nimefika kwa ua wa mama na sioni mlango. Anauliza nani ananiitikia." Akaondoka, gunia lake la makaa liko hapa mpaka leo.

Mama, ng'ombe aliyekufa ndiye anayenyweshwa maji. Anayemnywesha ni nani basi? Ninaogopa. Wimbo mzuri niliokusifia mimi ndio umetufikisha hapa, laiti ningenyamaza. Tafadhali usimwitikie. Mwache mjomba achinje mbuzi wake.

Binti yako,
Athieng


Lodwar, 23 Januari 2013

Mwanangu Athieng,

Ejok. Leo sina maumivu popote, hata mgongo umeninyamazia.

Unanifanya mtoto. Unadhani sijui? Nimejua Emuron amekufa tangu nilipoiona ngozi ile, hata siku niliyokuuliza yuko wapi, maana asingemwacha Lomeri akiwa hai. Sikukataa kifo chake. Nilikataa kumfungia mlango akiwa bado njiani. Alifia porini, hakuna aliyemlilia pale, na vijana waliokuwa wakimwitikia walianguka pamoja naye. Anaimba na hakuna anayepokea, kwa hiyo hawezi kumaliza. Nimebaki mimi. Nampenda, na sitakaa ndani nikimsikia mwanangu anaita nje.

Jumapili nitaupiga tena, nitafungua maikrofoni na kumwitikia. Kisha nitanyoa na mjomba wako atakula mbuzi wake. Washa redio. Na usijilaumu kwa kuutuma, hujawahi kunitumia kitu kilichonifaa kama hicho.

Ua wangu umeanza kunuka ng'ombe. Sijafuga ng'ombe tangu 2010.

Kula vizuri.

Mama yako,
Nakuleu


Kakuma, 17 Februari 2013

Mama,

Ejok. Sijui nikuulize habari gani ya afya, lakini nakusalimu.

Nilikusikia redioni. Ulianza kwa kutetemeka, kisha ukamshika vizuri, yeye anatoa na wewe unapokea, mpaka Céline akaanza kupiga makofi bila kujua. Na mwisho kabisa, wimbo ukaisha. Uliisha kweli, kama wimbo wowote. Nikalia kwa furaha.

Mjomba alinipigia kesho yake. Simu haikukata. Alisema ulitoka studio jua likiwa bado kali, ukapita sokoni kuelekea mtoni, mkono wako umeuinua kidogo pembeni, kama mtu aliyeuweka mgongoni mwa ng'ombe. Watu wakakusalimu nawe ukaitikia vizuri. Pembeni yako hapakuwa na kitu. Tangu hapo hawajakuona. Wamepita mtoni, wamepita hospitali, mbuzi bado amefungwa.

Nimeandika barua tatu na hujajibu. Jana nikazitoa kadi nilizohifadhia nakala zangu ili nimsikie Emuron, nijue kama amepumzika. Amepumzika, mama. Hayupo kwenye kadi hata moja. Mahali pake upo wewe, juu ya rababa ya Yien, hata kwenye rekodi za zile siku ulipokuwa kwako Lodwar ukiniandikia. Vijana kibandani wamesikia, wanataka niwawekee kwenye simu zao, wanasema mama huyu anaimba vizuri, ni nani? Nimekataa kuwapa.

Yule mama wa makaa amekubali kusikiliza tena, amesimama nje ya mlango. Anasema unamwimba Lomeri, na kila mahali alipokunywa tangu mtoke Lodwar. Mahali pa mwisho ulipopataja ni Tarach, mto huu huu wa hapa kambini. Anasema unauliza nani anakuitikia.

Mjomba amenikataza. Céline ameniletea maji ya baraka na amenikataza. Nami naogopa, sitakuficha. Lakini huna binti mwingine. Mama wa makaa amenifundisha kiitikio, ni maneno manne tu, na nimeshayajua.

Binti yako,
Athieng