Kumtafuta Mama Chamwino

Jumatatu, 3 Februari 2025
Salwa yuko likizo ya chuo, kutwa na simu. Nimemwambia hiyo simu initafutie kaburi la mama yangu. Kacheka. Cheka, mjukuu wangu, lakini tutakwenda.
Kila Shaabani tunamsomea mama khitma, alipolala sipajui. Marehemu baba alisema alikufa kwa uzazi mwaka 61, akazikwa kwao Chamwino. Nilikuwa na miaka sita. Kaka Jamaldini alikuwa na kumi na mbili, naye husema hivyohivyo. Leo nimempigia, nimwambie nataka kulijengea kaburi. Kasema, "Mwanne, na jua hili utaanguka njiani. Msomee hukuhuku." Kaka ananionea huruma siku zote.

Jumatano, 5 Februari
Chamwino. Vumbi mpaka kwenye meno. Mtendaji wa kijiji ni kijana, kanipa shikamoo nusu — nimemrudishia, kaisema upya. Anasema ukoo wa mama, wa Chidawali, upo, ila karatasi za zamani tukaulize kanisani. Nikamwambia mama yangu ni Zuhura, Mwislamu, kanisani akafuate nini? "Bibi, ukoo wote ule ni wa kanisa."
Nimerudi nyumbani Nzuguni na hasira zangu. Salwa anataka turudi. Haendi mtu.

Jumatatu, 10 Februari
Tumekwenda.
Karani wa kanisa ni Mzee Ebenezer. Madaftari yake marefu, pembeni yameliwa na mchwa. Anafunua kwa kidole chenye mate. Kila familia ina ukurasa wake: waliozaliwa, waliobatizwa, waliozikwa. Salwa ndiye msomaji, macho yangu hayafiki.
Zuhura binti Chidawali. Kaachwa na mume mjini, 1961. Kabatizwa Dorkasi, 1963. Kazikwa 1997.
Nikasema rudia. Karudia. 1997. Nilishakuwa na mjukuu! Miaka yote ile mama yuko hapa, safari ya basi moja, mimi namsomea kama maiti.
Chini yake watoto. Jamaldini, yuko mjini. Mwanne, marehemu, 1974.
Mzee Ebenezer kaniuliza huyu marehemu ni nani yangu. Nikamwambia ndiye mimi. Kavua miwani. "Pole sana, mama." Sijui kanipa pole ya msiba upi.
Pembeni wameandika aliyeleta habari: kaka yake.
1974 ndio mwaka nilioolewa.

Jumanne, 11 Februari
Sijala. Salwa kaleta uji, nimemfokea. Kosa lake kusoma.

Ijumaa, 14 Februari
Nimemwita kaka. Kaja baada ya sala, kanzu imenyooka, ananukia udi. Nikampa simu yenye picha ya ukurasa. Soma kwa sauti, wewe msomi. Kafika kwenye jina langu, kakwama.
Kasema tangu utoto alikuwa akienda kwa mama kwa siri. Mama akasikia naolewa, akataka kuja. "Angekuja na msalaba shingoni mbele ya wakwe zako. Wangekurudisha siku ileile. Nilikulinda, Mwanne."
Kunilinda. Baba alishakufa miaka miwili kabla ya ndoa yangu, hana wa kumsingizia. Yeye ndiye aliyekuwa walii wangu, kamshika mume wangu mkono, kaniozesha. Mwezi huohuo alikuwa keshatoka Chamwino kuniua. Na kila Shaabani ya miaka ile anakaa pembeni yangu, jina la mama linasomwa, anaitikia amina — mama yuko shambani anapalilia.
Nikamwuliza mama alifanyaje aliposikia nimekufa.
"Alinyoa nywele. Watu wakaja, wakakaa siku tatu."
Na wewe?
"Nilikaa nao. Ningeondokaje?"
Ndio nimeingia huku jikoni kuandika, maana mkono unataka kumpiga mzee wa miaka sabini na sita. Namsikia sebuleni anamwagiza Salwa chai. Nimemzuia Salwa. Nimemwuliza kaka kutoka hapa mlangoni: msibani kwangu mlikula nini? Kacheka kidogo, anadhani namtania.
Nimemwuliza tena. Sasa hacheki.