Kwa Nasieku, Aliyejua Kugawa Nyama

Nasieku mtoto wangu,

Nimekaa hapa nyuma ya nyumba, Noonkopir, kwa ile benchi yetu ya kukatia vitunguu. Ningekupigia simu, lakini kwa simu mimi huongea sana na kusema kidogo, unanijua. Mke wa mwanangu siwezi kukuita tena, maana wewe na Kamau mliachana. Lakini mtoto wangu nitakuita, na hiyo hakuna mtu wa kunikataza.

Unakumbuka vile ulianza kazi na mimi? Ulikuja kutoka kwenu Kimuka ukiwa bibi arusi mpya, ukanikuta nikiwa mpishi wa sherehe anayejulikana Kitengela yote. Wacha nijisifu, ni ukweli. Pilau yangu ilikuwa inaulizwa mpaka Isinya, na chapati zangu watu walikuwa wanafunga kwa karatasi wapelekee waliobaki nyumbani. Lakini kwa sherehe za Wamaasai hakuna aliyekuwa ananiita. Nilidhani ni kwa sababu mimi ni Mkikuyu. Wewe ndiye uliniambia, ukiniita mama kwa Kimaasai chenu, ukicheka na mkono kwa mdomo, "Yeyo, unapika vizuri, lakini unakatakata mbuzi kama kabeji."

Ukanifundisha kwamba mbuzi ya sherehe si nyama tu. Kila sehemu iko na mwenyewe. Kuna ya wazee, kuna ya akina mama, kuna ya vijana, na ukichanganya ni kama umemwambia mtu humwoni. Basi mimi nikawa wa kupika na wewe wa kugawa. Ulikuwa unapita kwa wale wazee wa rika la baba yako, unamwinamishia kila mmoja kichwa akuguse utosini kwa salamu ya heshima, kisha unamwekea sehemu yake bila kuuliza. Hakuna siku ulikosea. Mimi nilikuwa nakuangalia nikiwa kwa sufuria, kifua kimejaa, nawaambia wanawake wa kanisa, "Yule ni wangu."

Hiyo ya kuinamisha kichwa, hata hivyo, mwanzoni ilinishinda. Asubuhi yako ya kwanza kwangu uliinama mbele yangu, nikafikiri umeangusha kitu. Nikainama na mimi, nikaanza kukutafutia sakafuni. Tulicheka mpaka chai ikamwagika kwa jiko. Baadaye mkono wangu ulizoea. Ikawa nikiamka, kabla sijafunga leso vizuri, mkono uko tayari kukugusa kichwa.

Sasa nifike mahali nilikuwa naogopa kufika. Tulikuwa tunaosha sufuria, wewe na mimi, ukaniuliza bila kuinua macho, "Yeyo, Kamau ako na mwanamke Athi River. Ulikuwa unajua?"

Nikakujibu, "Mwanangu nimemlea mwenyewe. Hawezi."

Ulimaliza kuosha ile sufuria, ukaipangusa, ukaifunika. Kesho yake ulienda kwenu. Mimi nilibaki nikijiambia nimetetea nyumba yangu. Unajua vile najivunia huyo kijana. Tangu avae kofia ya injinia, mtu akimtaja vibaya mimi huwa sisikii kitu kingine.

Nikaendelea na kazi peke yangu. Mama Sianoi, yule mteja wetu wa kwanza wa Isinya, aliniita kwa sherehe ya kijana wake. Nasieku, nilipika. Nilitaka waone hata bila wewe mimi bado ni mimi. Nikachukua mbuzi wote, nikawakata vidogovidogo, nikaweka karoti, viazi, minji, dania juu. Ilinukia mpaka barabarani. Mzee mmoja akachukua kijiko, akakoroga sahani yake polepole, akaniuliza, "Mama, yangu iko wapi?"

Nikamjibu, "Iko hapo ndani, mzee. Tafuta tu."

Vijana walicheka. Yeye hakucheka. Aliweka sahani chini kwa nyasi, akachukua fimbo yake, na wengine wakasimama nyuma yake. Kuanzia siku hiyo simu za upande ule zilinyamaza, boma moja baada ya lingine.

Majuzi nikaamua nitarudisha wateja wangu. Nikavaa ile nguo niliyoshona ya harusi yenu, nikabeba chapati za moto, nikaanza na Mama Sianoi. Alinikaribisha vizuri, akanisalimia kwa Kimaasai.

"Takwenya, Mama Kamau."

"Iko," nikaitikia vile ulinifundisha.

Akala chapati mbili, akafuta mikono. "Ni tamu," akasema. "Lakini mimi sikuwa naita chapati. Nilikuwa naita Nasieku. Ako wapi?"

"Ameenda kusalimia wazazi wake. Anarudi."

Maneno yalitoka yenyewe. Uso wake ukafunguka kama dirisha. Akasema Sianoi anaolewa Desemba, tutapika sisi, na nyama utagawa wewe. Habari ikatembea, na boma zingine zikaanza kunipigia. Wateja wamerudi, mtoto wangu. Wamerudi wakitafuta mtu ambaye mimi sina.

Barua niliyokuandikia kwanza haikuwa hii. Ile ilikuwa inakuomba urudi. Niliandika nyumba imepoa, niliandika Kamau amebadilika, na hajabadilika. Kisha nikaisoma kwa sauti, nikasikia mtu anayetafuta mfanyakazi kabla ya Desemba. Nikawasha nayo jiko. Nilishindwa kujua kama nakukosa wewe ama nakosa kazi yako, na mtu akishindwa kutenganisha hayo mawili hafai kuomba.

Jana nilirudi Isinya. Nikamwambia Mama Sianoi, "Nilikudanganya. Hayuko kwangu. Ako kwa baba yake Kimuka, na ni mimi nilimwangusha."

Akanimiminia chai. Halafu akasema, "Kwa hivyo harusi ya mtoto wangu umeniachia hivyo?"

"Nimemwachia Nasieku. Mpigie mwenyewe."

Nikamwachia namba yako, na wale wengine pia nimewatumia. Kwa hivyo simu ikilia na humjui anayepiga, shika. Ukikubali, kazi ni yako, na bei ni yako. Ukikataa, hakuna mtu atakuuliza, hata mimi. Hema na zile sufuria kubwa ziko hapa, tuma gari wakati wowote. Na ukihitaji mtu wa kukata vitunguu, najua mmoja. Anaongea sana, lakini mkono wake ni mwepesi.

Lile swali uliniuliza tukiosha sufuria, jibu ni ndiyo. Nilikuwa najua. Niliwaona kwa macho yangu, wakinunua pazia, na nikapita upande ule mwingine wa barabara.

Nitakuja Kimuka Jumapili baada ya kanisa. Sitakuja na Kamau, na wala sitamsemea. Usinipikie kitu. Sijui kama utaniinamishia kichwa, na usipoinamisha nitaelewa, nitashika tu kikapu changu kwa mikono yote miwili. Lakini nakwambia ukweli, huu mkono wa kulia, mpaka leo nikiamka asubuhi huwa unainuka, halafu unakosa pa kushuka.

Ni mimi,
Yeyo wako wa Noonkopir