Mbuzi Aliyelia Siku ya Sensa

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako, na ukinikaripia nitakuwa nimestahili.

Mimi ni mjane, naishi milimani Kumaon, kaskazini mwa India, katika kijiji ambacho hadi barabara ya magari ni mwendo wa saa nne kwa miguu. Miaka sita iliyopita mkazamwana wangu Hemanti alijifungua mtoto wa kike, Khasti, baada ya kuzika wawili, nami nikaapa kwamba jicho la mtu halitamwona huyu kabla hajatimiza siku kumi na moja na kupewa jina, na siku ya nne akaja Mwalimu Jeevan, aliyepewa na serikali kazi ya kuhesabu watu, akauliza tuko wangapi, nikamjibu watatu, mimi, mwanangu Trilok na mkewe, na papo hapo mtoto akalia kutoka zizini, ambako kwa desturi yetu aliyejifungua hukaa.

"Na huyo anayelia, mama?"

"Mtoto wa mbuzi, Mwalimu."

"Ana sauti ya mtu," akasema, akacheka, akaandika watatu.

Mwaka uliofuata ikaja barua ya wilaya kwamba barabara hujengwa hadi kijiji cha mlimani chenye watu mia mbili na hamsini, nasi tulikuwa mia mbili arobaini na tisa, basi wote wakamgeukia Mwalimu, wakasema asiyejua kuhesabu watu atawafundisha watoto hesabu gani, wakaacha kumwalika harusini, nami nilikaa nao nikitikisa kichwa kumlaumu kama wao.

Vijana wakazidi kuhamia tambarare kutafuta kazi, hata Trilok. Msimu wa mvua uliopita Hemanti alishikwa na uchungu, mtoto amelala vibaya tumboni, tukamlaza kwenye machela, na machela hutaka watu wanne, wakati wanaume wenye mabega walikuwa watatu. Wa nne alikuwa Mwalimu. Njiani Hemanti, aliyezoea kunitania kwa siri yetu, aliniuliza, "Mama, yule mbuzi wako umemwacha na nani?" Mwalimu alinitazama, kisha akatazama njia. Hemanti alikata roho, na mtoto tumboni, kabla hatujaiona barabara.

Trilok amerudi, haongei. Nyumbani tumebaki wawili, mimi na yeye. Mwalimu ameomba uhamisho, mwisho wa mwezi ataondoka na jina baya. Nikisema, mwanangu atajua nani alimuua mkewe. Nisiposema, sili, silali. Nifanye nini?

Gopuli

*

Mama Gopuli,

Pole. Kumficha mtoto baada ya kuzika wawili ni hofu, na hofu hiyo naielewa. Kosa lako ni kule kutikisa kichwa. Siku ya sensa ulimlinda mjukuu; miaka yote iliyofuata ulijilinda mwenyewe, ukijificha nyuma ya mgongo wa mtu aliyekuja kukubebea mkazamwana.

Usidhani kwamba hajui. Alijua tangu kwenye machela, na angefungua kinywa angejisafisha siku hiyohiyo. Alinyamaza asikuaibishe mbele ya maiti.

Wala sikudanganyi: ukweli wako hautaleta barabara. Sensa ijayo mtakuwa wachache zaidi, na Hemanti harudi. Hukumuua peke yako. Aliyeamua kwamba watu mia mbili arobaini na tisa hawastahili njia ana fungu lake, tena kubwa kuliko lako. Lakini lako ni lako.

Mwambie Trilok leo, kwa kinywa chako, asije akasikia kisimani. Akikutukana, vumilia. Kesho mwombe mkuu wa kijiji aite baraza, usimame, useme ulichomwambia Mwalimu mlangoni, neno kwa neno, pamoja na mbuzi. Mwombe radhi mbele ya walewale waliomcheka. Akiondoka, aondoke na jina lake.

La mwisho. Nimeisoma barua yako mara tatu. Umeandika kwamba nyumbani mmebaki wawili. Khasti ana miaka sita, hana mama, nawe umemficha hata kwangu. Kabla hujaenda kwa yeyote, shika kalamu uisahihishe sentensi hiyo: tumebaki watatu.