Dida Alipekua Simu Yangu, na Bado Sijamsamehe

Isiolo mjini

Dada yangu Halima,

Salaam aleikum, wewe na wote mnaolala chini ya paa moja. Nagaa, amani ipo? Mvua imewafikia huko Sericho au bado mnakimbilia lori la maji? Mgongo wa mama unaendeleaje? Mimi ni mzima kabisa. Majuzi lori lilizama mchangani hapa karibu na soko, wanaume wakasukuma likakataa, nikaweka bega langu peke yangu likatoka. Dereva alishuka kuniuliza mimi hula nini.

Ni huyo huyo dereva aliyeniletea ujumbe wako. Unasema nimsamehe Dida kwa sababu ni ndugu ya mume wako, na nyumba yako haina raha sisi wawili tukinuniana. Nimekusikia. Lakini keti, binti yako akusomee polepole, ujue mtu huyo alinifanya nini, halafu ndio uniambie tena hilo neno.

Unajua sisi mabroka tunavyouza ngamia. Tunashikana mkono na mnunuzi chini ya shuka, vidole vinaongea bei, na mtu akisimama hapo akikodoa macho haambulii kitu. Baba alinifundisha hivyo nikiwa mdogo. Sasa mimi nikawa nafunika mkono, halafu simu naiacha uchi!

Simu ina kitu kinaitwa brauza. Ndio mlango unaofungua ukitaka kutafuta habari kwa intaneti. Ile iliyokuja na simu yangu ilikuwa inaweka kila kitu nilichotafuta, mstari kwa mstari, kama mama mkwe anayekumbuka makosa. Sikujua. Na kufuli sikuweka, kwa sababu kidole changu kimeliwa na kamba za ngamia, simu hainitambui. Siku moja moto wa simu uliisha, nikaiacha kibandani kuchaji, nikaenda kuswali. Dida alikuwa amekaa hapo akitafuna miraa. Akaiwasha, akafungua, akasoma.

Humo akaona tangazo la mnunuzi wa ngamia kutoka Nairobi, kwamba atapitia Merti. Ndiye yule niliyekuambia umpelekee ngamia wako. Dida akadandia pickup siku hiyo hiyo, akamfikia mbele yetu, akamjazia lori na ngamia wa watu wake. Wako wakarudi Sericho kwa miguu, visima vimekauka, na yule ndama mweupe uliyemlea kwa mkono akaanguka njiani. Ulinitumia habari hiyo kwa maneno machache tu. Chakula kilinishinda.

Hata hapo pengine ningemeza. Lakini aliporudi alisimama hotelini, mabroka wote wanakunywa chai, nami nimo, akapaza sauti.

"Jamani, mnajua Wario hutafuta nini kwa simu? Rangi ya ndevu! Tena ile isiyotoka na jasho!"

"Wacha!"

"Haki ya Mungu, nimeona kwa macho yangu. Mzee, huyo mchumba ni wa wapi?"

Watu walicheka mpaka wengine wakapaliwa na chai. Mimi, ambaye simba wa Ewaso Nyiro akiniona anavuka mto!

Basi nikaingia vitani. Unakumbuka nilitoka shule darasa la tano, na mwalimu alilia kwa sababu hakubaki mtu wa kumsaidia kufundisha. Nikaketi nikajaribu brauza moja baada ya nyingine. Moja ilikuwa nzito kama dume la ngamia lililokataa kusimama. Ilimaliza bando kabla ukurasa haujafunguka, na simu ikachemka ningeweza kukaanga yai. Nyingine ilikuwa nyepesi, lakini hata haijanisalimia ikauliza niko wapi, ikataka majina ya watu ninaowapigia, ikataka na picha zangu. Nikaiambia, "Kwani unataka kunioa?" Nikaifuta. Ya mwisho ni ndogo, haikuuliza kitu. Inafunguka hata kwa mtandao wetu huu wa kubahatisha, inafukuza matangazo yanayokula bando, na nikiifunga inasahau yote niliyotafuta. Nilitafuta kitu, nikaifunga, nikarudi kupekua kama mwizi. Hakuna hata alama. Hiyo sasa ndiyo shuka ya simu. Nikaificha nyuma kabisa, pale ambapo Dida hana haja ya kufika.

Ile ya zamani sikuifuta. Kufuli pia sikuweka, kwa makusudi. Niliingia humo nikatafuta mnunuzi wa ngamia Oldonyiro, bei ya ngamia Oldonyiro, barabara ya Oldonyiro, mpaka lojingi ya kulala Oldonyiro. Kisha nikapeleka simu kibandani, nikamwambia mwenye kibanda kwa sauti, "Naenda kuswali, leo nitakawia." Dida alikuwa pale pale, shavu limejaa.

Asubuhi akakodi lori. Alifika Oldonyiro na ngamia wake akakuta watu wanauza mbuzi, hakuna hata mmoja aliyeuliza bei. Alirudi na vumbi hadi kwenye kope. Mimi huku, kwa ile brauza isiyosema, nilikuwa nimeshampata mnunuzi mwingine, akaja hapa soko la kaunti, tukashikana mkono. Amekubali kupitia Sericho. Ngamia wako watapanda lori, hawatembei tena.

Juzi Dida akanifuata nyuma ya kibanda.

"Shemeji, hii maneno iishe."

"Maneno gani?"

"Ya simu. Na pole kwa ndama."

Alikuwa ananong'ona, akiangalia huku na huku asionekane nami. Nikamuuliza, "Siku ile ya hoteli ulinong'ona?" Nikamwacha amesimama.

Nisalimie mama, mwambie dawa ya mgongo inakuja na lori. Nisalimie jirani yako anayekukamulia ukiugua, na binti yako msomaji, ambaye najua hapo pa ndevu amecheka. Nisalimie sana mume wako, yeye sina shida naye. Amwambie ndugu yake mabroka hukaa hotelini baada ya swala ya adhuhuri. Asimame mbele yao wote, aseme alichomfanyia ndama wako, kwa sauti ile ile aliyotumia siku ile. Nitamwagizia chai mimi mwenyewe. Asiposimama, bado kuna masoko mengi sijampeleka.

Ni mimi ndugu yako, mjomba wa watoto wako,

Wario