Mkeka wa Mzee Tuiloma

Jumamosi, 6 Mei 2023

Leo wamekuja. Wiki tano tangu tangi la maji la duka la Mzee Tuiloma limwangukie Fereti, mume wangu, na kumuua, ndipo wamekuja. Miti ya kushikilia tangi ilikuwa imeoza, kila mtu alijua. Kamati ya kina mama ilimwambia mzee mara mbili. Yeye akasema ni upepo. Wiki tano anasema upepo! Sasa polisi wamemfungulia kesi na upepo umekoma.

Alfajiri nilikuwa nawasha moto nichemshe kakao. Naona kitu barabarani, nikadhani ng'ombe wa mchungaji amelala tena. Kumbe watu. Wamekaa chini mbele ya nyumba ya Aukuso, Baba Mkubwa wa Fereti, vichwa vimeinama, na Mzee Tuiloma katikati amefunikwa mkeka wa heshima, ule mwembamba kama kitambaa wenye manyoya mekundu. Wanangoja msamaha. Mkeka ukiinuliwa, aliye chini amesamehewa. Usipoinuliwa — basi tena, zamani watu walitoka na mapanga.

Baba Mkubwa aliwaacha kwanza jua liwachome kidogo, kwa ajili ya heshima yake. Kisha akatoka amefunga leso mpya kiunoni, akauinua mkeka, akalia, wakalia, sote tukalia. Wakaleta nguruwe wawili na katoni za nyama ya kopo. Mimi nililia kwelikweli. Nikasema moyoni, labda sasa nitalala.

Jumapili, 7 Mei

Baba Mdogo Viliamu hakuja kanisani. Ametukanwa!

Nyumba yake na ya Baba Mkubwa zinatazamana, barabara katikati. Kila mmoja anadai ndiye mkuu wa ukoo, kesi ina miaka minne, na hawasalimiani. Sasa jana wale watu walipomwelekezea Baba Mkubwa nyuso, yeye wamemwelekezea nini? Makalio. Kumi na moja. Amehesabu. Anasema msamaha wa mtu asiye mkuu ni kama mtoto kuuza shamba la babu yake. Haufai. Warudi waanze upya, na safari hii wageuke.

Mama mkwe alikuwa anamenya magimbi. "Mwanangu yuko kaburini, shemeji zangu wanagombea makalio."

Nilicheka. Mara ya kwanza tangu Fereti azikwe. Halafu nikaona haya.

Jumatatu, 8 Mei

Nimepanda basi mpaka mjini Apia, kwenye ofisi ya mawakili wa msaada. Bure. Wakili anaitwa Tuifao, msichana kama mimi, anakula keki ya nazi huku anaandika. Nikamwambia mapema mimi nimeishia darasa la nane. Akasema vizuri, basi tutaongea kama watu.

Akahesabu kwa vidole. Kidole cha kwanza: kesi ya polisi. Hiyo ni ya serikali na Tuiloma. Anaweza kufungwa, lakini kufungwa kwake hakumsomeshi Losa. Kidole cha pili: dai langu mwenyewe, mimi mke na Losa mtoto, kwa sababu tangi ni lake na alionywa. Hakimu anatazama Fereti angetulea vipi kama angekuwa hai. Kidole cha tatu: kupatana bila kwenda kwa hakimu, lakini kwa maandishi, na yeye Tuifao akiwepo. Na muda una mwisho, nisikae nikingoja huzuni iishe.

Nikauliza, na mkeka je? Si ameshasamehewa?

Akasema hakimu atautazama mkeka siku ya kumhukumu mzee, ni desturi yetu na ina uzito. Ila dai la mtoto halifunikwi na mkeka. "Kwa hiyo, dada, mkeka pokeeni. Nguruwe kuleni. Ila usitie sahihi kitu chochote." Ijumaa ya tarehe 26 atapita kijijini na karatasi za dai. Nitaapa, nitatia sahihi, atazipeleka mahakamani mwenyewe.

Nimeandika mkononi kwa kalamu: USITIE SAHIHI. Kwenye basi nilikunja ngumi njia nzima watu wasisome.

Jumatano, 10 Mei

Nilimnong'oneza mama mkwe habari za wakili. Polepole kabisa. Nilipofika kidole cha pili nikanyamaza kidogo nivute pumzi. Shangazi Onosai, nyumba ya pili, akauliza kwa sauti, "Na cha tatu je?"

Nyumba isiyo na kuta, kama hizi zetu, haina siri. Kufika mchana, mpaka mchungaji alikuwa anajua vidole vyote.

Jumatatu, 15 Mei

Sikukuu ya kina mama. Tumeimba, tumevaa nyeupe. Mwenyekiti wa kamati akaleta daftari la mahudhurio. Nikakataa kutia sahihi. Kasema, Pele, ni daftari la mahudhurio! Nikasema wakili amesema kitu chochote. Nimeandikwa sikuhudhuria, nami nimekaa mstari wa mbele nakula keki yao. Faini: kufagia kanisa Jumamosi mbili.

Sawa. Nitafagia.

Jumatano, 17 Mei

Siku ndefu. Niandike kabla sijasahau mpangilio.

Watu wa Mzee Tuiloma wamerudi na mkeka mwingine. Wameinama tena, safari hii nyuso kwa Baba Mdogo Viliamu. Baba Mkubwa Aukuso akatoka barazani kwake akayaona yale makalio. Akachukua kiti chake, akakigeuza, akakaa amewapa mgongo nao wamempa mgongo. Akafungua redio, sauti juu.

Baba Mdogo naye hakuinua mkeka mara moja. Alihutubia kwanza. Akaanza na babu wa babu. Mvua ikanyesha, akaendelea. Chini ya mkeka tukasikia chafya. Akaendelea! Mkewe ndiye aliyemvuta leso: "Baba Tino, mzee atakufa huyo, halafu sisi ndio tukainame kwao." Hapo akauinua.

Baada ya kula ikatoka karatasi. Mpwa wa Mzee Tuiloma ndiye aliyeileta, anafanya kazi ofisi ya mji, amevaa soksi. Imeandikwa mambo yamekwisha, familia ya marehemu haitadai chochote, leo wala kesho. Baba Mdogo akatia sahihi, jina la ukuu lote, herufi kubwa. Kusikia hivyo Baba Mkubwa akavuka barabara — miaka minne hajaivuka! — akainyakua kalamu akatia sahihi yake juu ya ile ya mwenzake. Ilibidi aandike juu ya kichwa cha barua, nafasi haikuwepo.

Halafu wakaniletea mimi. Chini kabisa: Mjane.

Nikasema, bado, baba zangu. Wakili ameniambia ningoje.

Mke wa kuja, aliyeolewa kutoka kwingine, ameongea mbele ya wakuu! Baba Mdogo akasema mke wa kuja hana mdomo katika ukoo huu.

"Mdomo anao, shemeji," mama mkwe akasema. "Mimi ndiye ninayeulisha."

Watu wakacheka, na kucheka ndiko kulikoharibu. Baba Mdogo akasimama. Akasema nina mpaka Ijumaa ya wiki ijayo. Nisipotia sahihi, nirudi kwetu kisiwani Savai'i nikafanyie kesi huko. Peke yangu. Losa ni damu ya hapa, atabaki.

Baba Mkubwa akatikisa kichwa kukubali. Wamepatana, hatimaye. Juu yangu.

Alhamisi, 18 Mei

Losa ana homa kidogo. Siandiki kitu.

Jumapili, 21 Mei

Homa imepoa. Amekula shelisheli la kuchoma nusu nzima, na amempaka mama mkwe tui la nazi kichwani, anasema anamsuka.

Nilimpigia wakili baada ya ibada kwa simu ya Onosai (Onosai amesimama karibu, eti analinda chaji). Tuifao akasema sahihi za baba zangu ni za baba zangu. Hawawezi kuuza dai la mtoto wa miaka mitatu. Na mtoto hachukuliwi kwa hotuba, kuna sheria, Baba Mdogo akijaribu nipige simu saa hiyohiyo.

Nimefurahi. Lakini sheria iko Apia, nami niko hapa. Maji nachota kwa Baba Mdogo. Sitaki kushinda halafu nisiwe na mtu wa kumwomba chumvi. Nataka Losa asome, na nataka akulie hapa alipozikwa baba yake. Vyote viwili. Ni tamaa hiyo? Ana masikio ya Fereti, yanaangaza jua likiwa nyuma.

Jumatano, 24 Mei

Mama mkwe ameniuliza nimeamua nini. Nikasema nitatia sahihi karatasi ya wakili, si ya mpwa. Akasema, "Basi paka mafuta miguu. Ukifukuzwa, tunafukuzwa wote watatu, na mimi siendi Savai'i na mtu mwenye miguu ya majivu."

Ijumaa, 26 Mei

Naandika nimekaa mkekani mwangu, mambo bado yanaendelea.

Asubuhi na mapema, kabla ya kakao. Mbele ya nyumba YETU. Watu wawili tu: mke wa Mzee Tuiloma, na pembeni yake kilima kidogo kimefunikwa. Si mkeka wa heshima. Ile yao miwili imebaki kwa baba zangu. Huu ni mkeka wa kulalia, wa nyumbani kwao, ukingo umeliwa na panya. Hakuna mpwa. Hakuna karatasi.

Nikamwuliza mama mkwe, niite wakuu? Akasema, "Waite wa nini? Hapa hawajawaelekea wao."

Sikuthubutu kuinua mkeka. Nikakaa. Jua likapanda. Tuifao akafika kwa gari, akaona, akavua viatu, akakaa ngazini. Nikaapa kwa kunong'ona, nikatia sahihi dai, kurasa tatu, jina langu kamili. Onosai akaitikia "Amina" kule kwake. Karatasi ziko kwenye mkoba wa wakili. Sijajificha, mke wa Tuiloma ameona yote. Akainamisha kichwa zaidi.

Nikajua nikiinuka sasa nitakuwa nimesamehe, na bado ninadai. Nikanong'ona, inawezekana? Tuifao ameinua mabega, eti hicho hakimo kwenye vidole.

Wakati nawaza, Losa kaamka. Sijamwona akishuka. Nimemwona tayari yuko kwenye nyasi, amechuchumaa, anachungulia ukingo ule ulioliwa na panya. Kaingia! Mzimamzima, imebaki miguu nje.

Tunasikia sauti ya mzee chini ya mkeka, ndogo, imekauka. Anamwuliza wewe nani.

"Losa Fereti," anasema mwanangu. Kwa sauti kubwa, kama alivyofundishwa kanisani.

Mkeka umeanza kutikisika. Analia mzee au anacheka, sijui, na Losa anamwuliza kitu kingine. Barabarani Baba Mkubwa anakuja mbio, ameshikilia leso kiunoni, Baba Mdogo nyuma yake hatua mbili, kila mmoja ananyoosha mkono awahi kuuinua mkeka. Mama mkwe amesimama njiani na ufagio. "Pele," ananiita bila kugeuka, "sitawazuia mpaka kesho!"

Nainuka nikauinue mwenyewe.